Kamera isiyo na kioo au kamera ndogo ya majini: namna ya kuchagua kabla hujatoa pesa

Kijana mmoja wa Nungwi, anayepeleka wageni Mnemba kuogelea kwa miwani na mrija, aliniletea swali ambalo nimeshaulizwa mara nyingi. Ana akiba ya kamera moja tu. Anunue ile isiyo na kioo, inayobadilishwa lenzi, ambayo wapiga picha tunaiita mirolesi, au anunue ile ndogo isiyoingia maji? Alikuwa ametazama video chungu nzima za kulinganisha kamera, na kila alipomaliza moja alizidi kuchanganyikiwa. Nikamwambia aweke simu pembeni, atafute karatasi na kalamu.

Yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya siku ile, pamoja na mambo niliyojifunza mwenyewe kwa kupiga picha za harusi na za bahari hapa Unguja. Usiruke hatua ya kwanza hata kama unajiona unajua unachotaka.

Hatua ya 1: Andika picha kumi ulizozikosa

Sizungumzii picha unazozitamani. Nasema zile ulizozikosa: jambo lilitokea mbele ya macho yako, ukabaki mikono mitupu au ukapata picha mbovu. Kwa kila moja andika mambo matatu: mwanga ulikuwaje, kitu kilikuwa umbali gani, na maji yalikufika wapi mwilini. Hilo la tatu watu hulisahau, na ndilo linaloamua. Maji ya magotini kwenye mashamba ya mwani Paje si sawa na maji ya kifuani, na kurushiwa chumvi na wimbi ndani ya mashua si sawa na kuzama.

Karatasi ya kijana ilijaa upesi. Sita kati ya kumi alizikosa akiwa ndani ya maji: kasa aliyepita chini ya miguu yake, mgeni anayefungua macho kwa mara ya kwanza chini ya maji, kundi la samaki lililogeuka pamoja kama kitambaa. Mbili zilikuwa za usiku mtaani kwao. Moja ilikuwa ya ndege wa mbali, na moja ya harusi ya dada yake mkubwa. Alipomaliza kuandika alinyamaza kidogo, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa ameshaelemea upande wa mirolesi. Video zote zilimwambia picha zake ni bora, na hazikukosea. Lakini hiyo bora isingekuwapo mkononi mwake mara sita kati ya kumi.

Mimi nilipoandika yangu nilipata nane za nchi kavu, na tano kati ya hizo za usiku: bibi harusi chini ya balbu moja ya manjano, waimbaji wa taarabu Ngome Kongwe, uso wa mzee anayechoma mishikaki Forodhani huku moto ukimwangaza kwa chini. Kazi yangu na yake ni tofauti, kwa hiyo na kamera zetu haziwezi kuwa moja.

Ukipata tano kwa tano, zihesabu upya kwa kuuliza zipi zinakuletea riziki.

Hatua ya 2: Fahamu unacholipia

Kamera kubwa za zamani zenye lenzi za kubadilisha zilikuwa na kioo ndani kinachorusha mwanga juu hadi kwenye tundu la kuchungulia. Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1, wakakitoa kioo kile, na picha ikawa inakwenda moja kwa moja kutoka kwenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, hadi kwenye skrini. Jina limetoka hapo. Kilichobaki ni sensa kubwa na mdomo wa kubadilishia lenzi, na hivyo ndivyo unavyovilipia.

Chukua rula uone. Sensa ya mirolesi nyingi za bei ya kati ni kama milimita 23.5 kwa 15.6, yaani karibu na stempu ndogo ya posta. Ya kamera ndogo ya majini, kwa mfano OM System TG-7 iliyotoka mwaka 2023, ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho cha mtoto. Ukizidisha, eneo la ile kubwa ni takriban mara 13 ya ile ndogo. Chukulia ni beseni na kikombe vimewekwa nje mvua ikinyesha. Usiku, mwanga unapokuwa haba, kikombe hakipati cha kutosha. Ndiyo maana picha ya ukumbini kwenye kamera ndogo hujaa chengachenga, na ngozi ya mtu hugeuka kama imepakwa unga.

Sensa kubwa pia ndiyo inayokupa ule ukungu mzuri nyuma ya uso wa mtu. Kwa kamera ndogo hilo ni gumu kulipata, isipokuwa unapopiga vitu vidogo kwa karibu sana.

Sasa nitetee kamera ndogo, maana inaonewa. Huo udogo wa sensa ambao usiku ni udhaifu, majini ni msaada: karibu kila kitu kuanzia mkono wako hadi nyuma kinatoka wazi, na wewe unayeyumbishwa na wimbi huna nafasi ya kulenga kwa utulivu. TG-7 inaweza kulenga kitu kilicho sentimita moja tu mbele ya lenzi. Nimepiga nayo jicho la kaa kwenye kidimbwi cha maji kupwa, nikaona vitone vya chumvi juu yake ambavyo macho yangu hayakuviona. Na ile hofu ya kwamba megapikseli zake 12 ni chache iache. Zinatosha kuchapa ukurasa mzima wa A4 kwa ubora wa gazeti zuri, na wateja wengi wa picha za safari hawachapi kabisa, wanatumiana kwa simu.

Kwa umbali, kamera ndogo inashindwa mapema. Zumu ya TG-7 inaishia milimita 100 kwa vipimo vya filamu ya zamani. Ndege aliye juu ya mkandaa atatoka kama nukta, wakati kwenye mirolesi unavaa lenzi ya 200 au 300 mambo yakaisha.

Hatua ya 3: Soma namba za maji kama unavyosoma mkataba

Hapa ndipo watu wengi hupoteza kamera. Maneno matatu hutumika ovyo madukani, na yana maana mbalimbali.

Kamera inayosemwa "inastahimili hali ya hewa" ni mirolesi yenye mipira kwenye viungo vyake. Inastahimili vumbi na manyunyu. OM System OM-5, kwa mfano, ina daraja la IP53: tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji, na 3 maana yake ni maji ya kunyunyiza, kama mvua. Si ya kutumbukia. Ukiiangusha baharini imekufa, hata ungeiokota ndani ya sekunde mbili.

Kamera ya majini huandikwa mita. TG-7 ni mita 15, Pentax WG-90 ni mita 14, na Nikon Coolpix W300 ya mwaka 2017 ni mita 30. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanakuongezea mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Namba hizo hupimwa kwenye maji yaliyotulia, na bahari ya kusi haijatulia. Ukijitupa kutoka kwenye boti kamera ikiwa mkononi, kishindo cha maji kinaongeza mgandamizo wa ghafla ambao mita haziusemi. Kanuni yangu ni nusu: ikiandikwa 15, mimi naishia saba au nane.

Kwa anayeogelea kwa miwani na mrija, nusu hiyo inatosha na kubaki, maana wengi hawapiti mita tano. Hata potwe wa Mafia, yule papa mkubwa mpole anayeonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari, hula karibu na uso wa maji. Lakini mpiga mbizi wa mtungi ni habari nyingine. Cheti cha mwanzo cha kuzamia huruhusu mita 18, na hapo kamera ya mita 15 umeshaivusha mpaka. Anahitaji kasha la majini, hata kwa kamera ambayo tayari ni ya majini.

Na simu? Simu yenye IP68 itavumilia mvua na kuanguka kwenye ndoo. Ila skrini yake ya kugusa haikusikilizi chini ya maji, na Apple wenyewe wameandika kwamba uharibifu wa maji haumo kwenye dhamana ya iPhone. Siipeleki baharini.

Hatua ya 4: Piga hesabu hadi mwisho

TG-7 ilitoka kwa dola 550 hivi za Marekani. Canon EOS R50 pamoja na lenzi yake ndogo ilitoka kwa dola 800, na R100 na lenzi yake kwa dola 600. Ukiishia hapo utaona tofauti ni ndogo, na R100 itakushawishi. Endelea.

Mirolesi itataka lenzi ya pili, kwa sababu ile ya mwanzo haipendi giza. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana ndiyo rafiki wa mpiga picha za harusi, na bila hiyo utakuwa umenunua beseni na kulifunika nusu. Ongeza betri ya pili na mkoba. Ukitaka kuizamisha, unahitaji kasha lililotengenezwa kwa modeli hiyohiyo, na kasha la aluminiamu la kampuni kama Nauticam hupita dola elfu moja kirahisi. Yapo ya plastiki ya bei nafuu zaidi, lakini kumbuka umeweka mali yako yote nyuma ya mpira mmoja wa duara. Siku utakapobadilisha kamera, kasha halitaifaa mpya.

Kamera ndogo inataka betri ya pili, mkanda wa kuelea (haielei yenyewe, inazama kama jiwe) na pesa ya kubadilisha mipira ya vifuniko kila mwaka. Basi.

Ukimwagiza ndugu aliyeko Dubai au Japani, mwambie aulize mambo mawili kabla ya kulipa: dhamana inafanya kazi nchi gani, na lugha za kwenye menyu ni zipi. Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na Kijapani peke yake, na huwezi kuibadilisha. Nimemwona mtu akihesabu vibonyezo kwa kukariri, kama anayesoma njia gizani.

Hatua ya 5: Ishike juani

Muombe muuzaji mtoke nje saa saba mchana. Skrini nyingi zinazopendeza dukani, juani zinakuwa kioo cha kujitazamia. Hapo utajua thamani ya tundu la kuchungulia. R50 na R100 zinalo. Sony ZV-E10 na Nikon Z30, ambazo ni mirolesi pia, hazina, na TG-7 haina. Kwa anayepiga ufukweni mchana kutwa, hili ni kubwa kuliko megapikseli.

Kwa kamera ya majini, lowesha vidole ubonyeze kila kitufe. Fungua mlango wa betri na kuufunga mara tano. Unataka kusikia ukilia "tak", na lachi ya pili ijifunge bila kulazimishwa.

Mtumba: mirolesi nunua, lakini chukua tochi. Mulika ndani ya lenzi kutoka nyuma utafute utando unaofanana na wa buibui. Huo ni ukungu wa kuvu, na unaweza kuhamia lenzi nyingine. Kisha piga picha ya ukuta mweupe, tundu la lenzi likiwa limebanwa kwenye f/16, uikuze utafute madoa. Kamera ya majini ya mtumba sikushauri. Huwezi kuona kwa macho mpira uliochoka, na aliyeiuza anajua kwa nini anaiuza.

Hatua ya 6: Kama umechagua ya majini, jifunze mlango wake kwanza

Kamera yangu ya kwanza ya majini ilikufa kwenye kina cha mita tatu, ilhali iliandikwa kumi. Nilibadilisha kadi tukiwa kwenye mashua, matlai ikivuma, mikono ina mchanga. Nilipozama niliona uzi mwembamba wa vipovu ukitoka kwenye mlango wa betri, vidogo kama mbegu za ufuta, vikipanda kwa mstari mmoja ulionyooka. Nilipanda navyo. Jioni meno ya betri yalikuwa yameshaota kijani. Fundi alipoufungua mpira alinionyesha chembe moja ya mchanga, imekaa pale kwenye kona. Picha za siku mbili zilikuwa kwenye kadi ile, na za mwani wa Jambiani sikuzipata tena.

Tangu siku ile ninafanya hivi, na kijana nilimfundisha hivihivi:

Betri na kadi naziweka nyumbani, mikono mikavu, kabla ya kwenda pwani, na mlango sifungui tena mpaka nirudi. Kabla ya kuufunga ninaupitisha mpira mbele ya mwanga. Unywele mmoja tu unatosha kuingiza maji. Naufuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha nafunga na kusikiliza ile "tak".

Kamera haikai juani kwenye ubao wa boti. Ikipata joto halafu ikaingia maji ya baridi, hewa iliyomo ndani inatoa umande nyuma ya kioo cha lenzi, na picha zote zitakuwa na wingu katikati. Naifunika kwa kanga yenye maji.

Kabla ya safari ya kwanza, izamishe kwenye ndoo ya maji ya bomba, mlango ukitazama juu, kwa nusu saa. Ukiona vipovu vinavyotoka mfululizo, irudishe dukani siku hiyohiyo.

Ukitoka baharini, itie kwenye maji baridi yasiyo na chumvi ikiwa imefungwa, uiache kama dakika kumi na tano, uvibonyeze vitufe vyote humo ndani ili chumvi itoke chini yake. Chumvi ikikauka inakuwa kama msasa. Ikaushe kivulini. Usichaji kamera yenye mlango wenye unyevu.

Siku ya kwanza majini, zima flashi. Iko karibu mno na lenzi, inamulika kila chembe iliyomo majini na picha inajaa madoa meupe. Sogea badala ya kukuza, kwa sababu kila mita ya maji kati yako na samaki inakula rangi, na nyekundu ndiyo inayotangulia kwenda. Mita tano tu chini, samaki mwekundu anaanza kuwa wa kahawia. Weka kamera kwenye mpangilio wa rangi wa majini, na upige faili la RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata) kama lipo, uje uirudishe nyekundu nyumbani. Kasa usimfukuze. Tulia, mara nyingi atapita mwenyewe, na picha ya kasa anayekuja ina macho, ya anayekimbia ina makalio.

Hatua ya 7: Kama umechagua mirolesi, adui yako ni hewa

Huku pwani si lazima kamera iguswe na maji ili iharibike. Unyevu wa masika peke yake unaotesha ukungu kwenye lenzi iliyofungiwa mkobani. Nunua ndoo ya plastiki ya jikoni yenye kifuniko cha mpira, weka vifuko vya kunyonya unyevu, na kamera ilale humo. Vifuko vikishiba, vibadilishe.

Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi itatoka jasho papo hapo. Kabla ya kutoka, ifungie kamera ndani ya mfuko, na ukifika nje iache humo robo saa, ipate joto polepole. Nimeona mwenzangu akikosa bibi harusi akitoka mlangoni kwa sababu ya jambo hili tu.

Usibadilishe lenzi ufukweni. Kama huna budi, ingia ndani ya gari, ugeuze mdomo wa kamera chini, umalize ndani ya sekunde chache. Kwenye ngalawa ivalishe mfuko wa mvua hata kama bahari ni shwari, kwani wimbi moja la ubavuni linatosha.

Hatua ya 8: Amua, kisha acha kutazama video

Kama maji yalikufika kiunoni kwenda juu katika picha nyingi za karatasi yako, chukua kamera ndogo ya majini. Kama nyingi ni za usiku, za nyuso au za mbali, chukua mirolesi na utenge pesa ya lenzi ya pili kabla ya kitu kingine chochote. Kama unataka video tu ya wageni wakiruka majini na picha si shida yako, kamera ndogo ya michezo kama GoPro (nyingi huzama mita 10 bila kasha) itakutosha. Mirolesi ndani ya kasha ningemshauri mtu anayeuza picha za chini ya maji, ambaye pesa ya kasha itarudi.

Kijana alinunua TG-7. Wiki ya tatu alinitumia picha ya kasa akiwa amekaa juu ya matumbawe, mwanga wa saa nne asubuhi umemshukia mgongoni kama wavu. Picha za usiku za mtaani kwao bado zinatoka na chengachenga, na mdogo wake wa kike anaolewa Mfungo Mosi. Nimemwambia siku hiyo aje achukue mirolesi yangu na ile lenzi ya 50, ila aniachie kamera yake ya majini, maana siku hiyo bamvua litakuwa limetoa maji mbali na mimi nitakuwa Jambiani.